Tuni ya Neville wa Halifax

Kila Jumapili ya mwisho ya Oktoba, watu wakishamaliza nyama yao ya kuoka na viazi nyumbani, Klabu ya Wafumaji ya Halifax hugeuka bunge. Mfumaji hayupo hata mmoja, viwanda vilifungwa zamani, lakini jina limebaki, kaunta imebaki, na watu wabishi wamebaki. Siku hiyo wanabishania jambo moja tu: muziki wa Uingereza ulikuwa mtamu zaidi miaka ipi. Kila muongo una mtetezi wake. Mtetezi anapiga nyimbo tatu, anazisemea, kisha wanachama wanapiga kura kwa kutumbukiza kofiani vile vikadi vya kuwekea glasi za bia. Miaka inayoshinda ndiyo inayojaza mashine ya muziki ya klabu mpaka Oktoba nyingine, na walioshindwa wanavumilia.

Usiwacheke. Pale kuna ndugu wawili wa tumbo moja walionuniana hadi Pasaka kwa sababu ya kikadi kimoja.

Miaka ya themanini ilitetewa na Denise Ackroyd, mama wa miaka hamsini na tisa, karani wa mapokezi kwa daktari wa meno, mdomo haumkauki. Miaka ya tisini ilitetewa na Neville, mume wake wa ndoa. Walitoka nyumba moja, wakaja kwa gari moja, na wakishavuka mlango wa klabu walikuwa maadui mpaka kura zihesabiwe. Watu walikuja kuwasikiliza hao wawili kuliko kusikiliza nyimbo zenyewe.

Denise alikuwa na hoja yake na hakuibadilisha. Miaka ya themanini, alisema, watu hawakuwa na kazi, mvua inanyesha, mtu amejifungia chumbani na gitaa la kuazima na kinanda cha umeme kilichokosa vitufe viwili, na anatoa sauti ambayo dunia haijawahi kuisikia. Hao wa tisini walikuta meza imeshaandaliwa. "Miaka ya tisini ni miaka ya themanini iliyokula, ikashiba, ikaanza kupiga kelele," humalizia, na klabu nzima hugonga meza. Kwake yeye kila kitu kilichofuata kiliibwa themanini: magitaa, nywele, hata huzuni. Ilikuwa kama wimbo wake wa taifa, na watu walimtania nayo sokoni.

Neville naye husimama taratibu, tumbo mbele, na kusema kwamba themanini ni muziki wa kulilia kitandani ukiwa umejipaka wanja. Tisini ndiyo iliyowarudisha watu pamoja, mikono mabegani, uwanja mzima unaimba kiitikio kimoja, na fundi na profesa wote wanakijua. Mzee Wilf, mwenyekiti, mtetezi wa sitini, huwaambia wote wanakula makombo yake. Jodie, fundi bomba wa miaka thelathini na minane, mtetezi wa elfu mbili, hujibu kwamba walau bendi zake zilijua kuvaa suruali.

Lakini maneno ni maneno. Neville alishinda mara tano katika miaka minane, na alishinda kwa wimbo mmoja, "Alhamisi Asubuhi", wa bendi ya vijana wa Stockport waliojiita Gantry. Ulitoka mwaka wa tisini na tano. Kiitikio chake kikianza, hata mtu aliyeapa kutomchagua Neville anaweka glasi chini na kuimba. Ni wimbo wa harusi, wa mpira, wa mazishi ya watu waliokufa mapema. Hakuna mtu wa umri ule kaskazini ya Uingereza asiyeujua.

Denise ndiye pekee aliyekuwa hauimbi, na sababu yake aliijua mumewe tu.

Kabla ya meno ya watu, Denise alikuwa na bendi. Neville alipiga besi, binamu yake alipiga ngoma, Denise aliimba na kutunga. Walitoa santuri moja ndogo, nakala mia tano, radio ikaipiga mara mbili, halafu binamu akaenda kufanya kazi Hull na bendi ikafa kifo cha kawaida. Denise hakuacha kutunga. Mwaka wa themanini na nane, siku moja akipiga pasi, ilimjia tuni nzima, mwanzo hadi mwisho, haina neno hata moja. Akawasha kinasa sauti cha kaseti juu ya friji na kuiimba kwa kuguna, mvuke wa pasi unasikika nyuma yake. Alijua ni nzuri. Mtu anayetunga anajua, mwili unamwambia. Akaiweka kaseti ndani ya kopo la biskuti pamoja na nyingine, akingoja maneno yaje.

Maneno hayakuja haraka, na maisha yakaja. Miaka saba baadaye alikuwa jikoni hapo hapo anaosha vyombo, radio ikapiga "Alhamisi Asubuhi" kwa mara ya kwanza, na sahani ikamponyoka. Alimwita Neville mbio. Akamwambia, huu ni wangu, huu ni ule wa kaseti. Walikwenda kwenye kopo la biskuti, kaseti hiyo haikuwemo.

Neville hakumcheka, na hilo ndilo lililommaliza. Alimkalisha chini, akamshika mkono, akamwambia kwa upole kwamba tuni zinaelea tu hewani, watu wote wa kaskazini wamelelewa kwa radio moja na nyimbo za kanisa moja, huenda yeye na hao vijana waliokota kitu kimoja mahali pamoja. Akamuuliza ana hakika gani kwamba hata ile ya kaseti ilikuwa yake, kwamba hakuisikia mahali akadhani ameitunga. Denise akafikiri. Alifikiri wiki, alifikiri mwezi. Kila tuni iliyomjia baada ya hapo aliitazama kama mgeni mwenye begi la wizi. Mwishowe akaona afadhali aache kuliko kuishi hivyo, akalipeleka gitaa kwenye duka la kuuza vitu vya msaada mtaa wa pili, na tangu siku hiyo hakutunga hata wimbo wa kumchezea mjukuu. Miaka ishirini na saba. Alibaki na kubishana tu, na kila Oktoba mumewe alisimama kumpinga kwa wimbo ule ule.

Sasa, mwaka huu Mzee Wilf alipitisha sheria mpya. Klabu ilikuwa imekarabati mashine yake ya zamani, ile inayocheza santuri ndogo, kwa hiyo shindano litakuwa la santuri tu, sidii hazitakiwi. Watu wa sitini na themanini wakashangilia. Neville akaja juu. Akasema miaka ya tisini ilikuwa ya sidii, huo ni uonevu, ni sawa na kumwambia mtu acheze mpira bila viatu. Hoja yake haikuwa mbaya, lakini alivyoitetea watu walishangaa, maana jasho lilimtoka. Mwishowe akasema basi, mwaka huu hatauleta "Alhamisi Asubuhi", ataleta mwingine. Nyumbani walikuwa nao kwa sidii tu, na Denise alikumbuka kwamba ni Neville mwenyewe aliyeng'ang'ania hivyo siku zote. Santuri inakaa vumbi, alikuwa akisema.

Jumapili yenyewe ikafika. Saa nane mchana, jua jepesi linaingia kwa madirisha ya upande wa bonde, ukumbi umejaa, kachumbari ya vitunguu na vipande vya nyama ya nguruwe viko mezani. Denise alikuwa kwenye meza ya santuri kama kawaida, kwa sababu ana mkono mtulivu na hamwamini mtu mwingine na sindano. Jodie akasimama kabla ya zamu ya Neville. Akasema yeye ni adui muungwana, hataki kumpiga mtu aliyefungwa mikono, na amepita kwenye kibanda kimoja cha soko la Todmorden akampatia Neville zawadi. Akaitoa begini: "Alhamisi Asubuhi", santuri ndogo, ya mwaka wenyewe, jalada halijakunjika hata pembe.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Neville alicheka cheko la mtu aliyekanyagwa kidole. Akasema santuri za sokoni zimechubuka, itaharibu sindano. Akanyoosha mkono akitaka aiweke mwenyewe. Wilf akamwambia, kaa chini bwana, sheria ni sheria, mkeo ndiye anayeweka.

Denise akaitoa kwenye jalada. Na hapa ndipo mambo yalipoharibika, kwa tabia moja ndogo ya watu wa themanini. Kwenye santuri, kati ya mwisho wa wimbo na karatasi ya katikati, pana ukanda mtupu, laini, usio na muziki. Bendi za enzi za Denise zilikuwa na mchezo wa kumwomba fundi wa kiwandani awakwaruzie hapo maneno kwa sindano: utani, salamu, tusi kwa meneja. Hayaonekani mpaka uiinamishe santuri kwenye mwanga. Mtu wa miaka ya sidii hajui hata kama yapo. Mtu kama Denise haweki santuri yoyote bila kuangalia kwanza, kama vile wengine wanavyonusa maziwa kabla ya kumimina.

Akaiinamisha dirishani. Ukandani paliandikwa, kwa herufi za mtu aliyekuwa na haraka: TUNI NI YA NEVILLE WA HALIFAX. ASANTE, DEREVA.

Alisoma mara tatu. Dereva. Mwaka wa tisini na nne Neville alikuwa akiendesha gari la kubebea bendi chipukizi ambazo Denise hakuwahi kuuliza majina, spika nyuma, vijana mbele, leo Leeds kesho Glasgow. Alikuwa akichukua kaseti za nyumbani asikilize njiani. Denise aliona mambo yote kwa mara moja, yamejipanga yenyewe, hakuna la kuuliza. Hakupiga kelele. Aliiweka santuri, akashusha sindano, akasimama pale akisikiliza tuni yake mwenyewe ikiimbwa na watu mia na ishirini. Alipoinua macho, Neville alikuwa amemtazama tangu mwanzo, uso umekuwa wa rangi ya maziwa ya jana.

Wakati kura zinahesabiwa walikutana kwenye korido ya vyooni, penye viti vilivyovunjika. Neville alianza kusema kabla ya kuulizwa. Alisema ilikuwa mara moja tu, kwenye gari, njia ya kwenda Carlisle. Kaseti ilikuwa inacheza, mmoja wa wale vijana akauliza hiyo ni ya nani, na maneno yakamtoka kwamba ni yake, sauti tu ndiyo ya mkewe. Miezi minne walikuwa wakimwita dereva, hawajui hata jina lake, na kwa dakika moja walimtazama kama mtu. Wakamwomba waitumie, akawapa. Aliwaambia wasiliandike jina lake popote, hataki chochote. Wao wakaona ni unyenyekevu, wakamkwaruzia asante yake mahali walipodhani atafurahi kuigundua. Aliigundua, na tangu hapo akahakikisha santuri hiyo haiingii nyumbani.

Denise alimwacha amalize. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Ule wimbo sikuulizi, Nev. Wimbo ni wimbo. Nakuuliza ile siku jikoni. Nilikuja kwako nikakwambia huu ni wangu, nikakuuliza mimi nimepotewa na akili au vipi. Wewe ulikuwa unajua."

"Sikusema umepotewa na akili."

"Ulinishika mkono. Ulinishika mkono, ukaniambia labda hata mimi niliiba."

Neville akaanza kulia. Alisema aliogopa ataachwa. Alisema kila mwaka alitaka kusema na kila mwaka ukawa mzito kuliko uliopita, mpaka ukawa hauinuliki. Denise akamuuliza, basi kwa nini kuuleta huo huo kila Oktoba, kunipiga nao mbele za watu? Neville akasema, kwa aibu ya kweli kweli, kwamba wakiimba vile huwa anasahau. Huwa anaona kama ni wake.

Denise hakutaka machozi yake wala magoti yake. Alitaka jambo moja. Alitaka Neville asimame leo hii, kwenye ukumbi ule, mbele ya watu wale wale, aseme huu ni wimbo wa Denise, mimi niliuchukua. Sentensi moja. Baada ya hapo watakwenda nyumbani na kuona kama kuna ndoa ya kuokoa. Neville akafuta uso kwa kiganja. Akamwambia, "Nitasema. Haki ya Mungu, Deni, nitasema leo." Na Denise, baada ya yote hayo, alimwamini, maana alikuwa mume wake na hakuwa na mwingine wa kumwamini.

Tisini ikashinda, kwa kura nyingi kuliko mwaka wowote. Desturi ya klabu ni kwamba mtetezi aliyeshika nafasi ya pili anashika maikrofoni kwanza na kukiri kushindwa, ndipo mshindi anapozungumza. Wa pili alikuwa Denise. Alipopanda jukwaani watu walikuwa wameshaanza kucheka, wakingoja vijembe vyake. Alimtafuta Neville kwa macho. Neville akaitikia kwa kichwa.

Basi akasema. Alisema tuni ya "Alhamisi Asubuhi" aliitunga yeye, mwaka wa themanini na nane, akipiga pasi jikoni kwake barabara ya Gibbet, ikachukuliwa.

Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Watu walipiga meza mpaka glasi zikaruka. Tangu lini Denise hajasema kwamba kila kitu kiliibwa themanini? Safari hii kaiboresha hoja, kumbe kimeibwa jikoni kwake kabisa! Wilf alikuwa anafuta machozi, akasema huyu mama ni hatari, anashindwa na bado anadai kombe. Denise alisema tena, polepole, kwamba hafanyi utani. Hilo likawachekesha zaidi. Akaona hakuna njia, akasema basi itazameni santuri, someni ukandani, mtaona.

Alikosea hapo, na alijua amekosea kabla hajafunga mdomo. Jodie alikuwa ameshaichukua, anaiinamisha dirishani huku akikunja jicho. Akaisoma kwa sauti, neno kwa neno. Tuni ni ya Neville wa Halifax. Asante, dereva.

Kisha mtu mmoja nyuma akasema, "Neville gani? Neville wetu?" na ukumbi wote ukageuka. Walikumbuka lile gari. Wakaliunganisha na Gantry. Kila mmoja akafanya hesabu yake na jibu likawa moja, kwamba miaka yote hii mtunzi wa wimbo wa harusi zao alikuwa amekaa nao hapa hapa, anakunywa bia, hajisifu. Wakasimama. Sauti ikawa kubwa kuliko kiitikio chenyewe. Watu wazima walikuwa wanalia. Wilf alimkumbatia, wengine wakamsukuma mbele, mpaka akajikuta jukwaani kando ya mkewe, na Denise akampa maikrofoni mkononi.

Alimpa mwenyewe. Alisimama karibu naye kabisa akimtazama mdomoni, akingoja ile sentensi moja.

Neville alitazama ule umati. Alifungua mdomo, akaufunga. Mtu akapaza sauti kwamba aachwe aone haya, mtunzi wa kweli huwa hivyo. Na Denise akaona, kwa karibu kama alivyoona sindano ikishuka, uso wa mumewe ukilegea na kung'aa. Ulikuwa uso wa ndani ya lile gari, njia ya Carlisle.

"Jamani," Neville akasema, sauti inakwaruza. "Kilikuwa kitu kidogo tu. Sikutaka makuu." Makofi yakamfunika, akangoja yapungue. Alimshika Denise mkono, ule ule wa siku ile, na hakumtazama. "Ila bila huyu mama nisingekuwa na chochote. Amenivumilia sana, huyu."

Wakageuka wote wakampigia Denise makofi, kwa uvumilivu wake.